Dada Yangu Alikata Turubai Mvua Ikija

"Ragnhild! Unafanya nini? Achaaa!"

Nilitoka mbio na soksi, viatu sikuviona.

Dada yangu wa tumbo moja alikuwa amepanda juu ya marobota yangu ya majani makavu ya ngano, kisu mkononi, anakata kamba za turubai... moja baada ya nyingine!

Na kule baharini wingu lilikuwa jeusi tii.

Jamani, ngoja niwaeleze mnielewe. Marobota yale ndiyo kuta za nyumba yangu. Huku kwetu pwani ya Norwei, nyumba mpya ya mbao ni ya wenye nazo. Mimi nilisimamisha nguzo na paa tu, juu nikapanda nyasi, chini nikatandika sakafu ya udongo. Kuta ni za majani, halafu unakandika. Nyumba ya hivyo haili umeme na baridi unaisikia tu ikiwa nje.

Ila majani yakilowa, yameoza. Utakuwa umejenga shamba la uyoga!

Sakafu ilikuwa imekauka jana yake tu, ndiyo maana marobota yalikuwa bado nje. Na wa kuyaingiza nilikuwa peke yangu. Mume wangu Eirik alishaondoka, eti yeye hawezi kulala zizini. Mimi na binti yangu Tiril tukabaki kwenye karavani bovu, kile kijumba cha magurudumu, kuta zinatoka jasho, mtoto anakohoa mpaka anashika mbavu. Daktari alinitazama machoni akasema mtoto huyu asipitishe msimu mwingine wa baridi humo ndani.

Sasa mtu anakata kamba! Nilihisi anamkaba mwanangu.

"Shuka! Umetumwa na Eirik, eti?"

"Eirik gani? Turubai hili limechoka, Oddny. Upepo wa leo utalipeleka mpaka Uswidi."

"Na wewe ndo unausaidia upepo?"

"Omba msaada."

"Nini?"

"Ita dugnad! Ita sasa hivi!"

Dugnad ni ujima wa kwetu. Mwenye kazi anaita, kijiji kinakuja, yeye anawapikia. Lakini lazima aite mwenyewe. Usipoita, hakuna atakayekanyaga ua wako, hata kama anakuona unavyohangaika. Kwetu kujipeleka bila kuitwa ni kumvunjia mtu heshima.

"Nimwite nani? Gunnvor? Jirani gani anapita hapa kila siku hata shingo hageuzi! Wote wananicheka!"

"Basi wacha yalowe."

Akavuta turubai lote. Bwaa! Likaanguka chini.

Nikampandia huko huko juu. Nikamkunja koti nikamtikisa, machozi na kamasi vinanitoka. "Mchawi we! Mwanangu akifa utamzika wewe!"

Yeye naye analia. "Nipige. Ukimaliza, shika simu."

Tone la kwanza likanidondokea shingoni... la baridi!

Wadau, kiburi kinauma kukitoa kuliko jino. Nikaandika kwenye grupu la kijiji: "Naomba dugnad. Sasa hivi. Nisaidieni, tafadhali."

Kimya...

"Umeona?" nikamwambia. "Umeona wanavyonipenda?"

Nikashuka, nikakaa kwenye tope. Sikuwa na nguvu hata ya kumtukana.

Halafu nikasikia trekta.

Likakata kona, Gunnvor kwenye usukani na miaka yake yote ile, nyuma yake kijiji kizima! Makoti ya mvua mwilini, glavu mkononi. Hakuna aliyenisalimia. Walijipanga mstari, robota likapita mkono kwa mkono mpaka chini ya paa, "Shika! Pokea! Usilale we!" Mvua ilipomwagika kweli, machache tu ndiyo yalilowa.

Nikamfuata Gunnvor, meno yananigongana.

"Mmefikaje haraka hivi, mama?"

"Haraka? Tumejazana kwenye banda la mashua tangu asubuhi, kahawa imetuisha! Dada yako katukusanya, tukawa tunakungoja wewe tu."

"Lakini wewe hata kuniangalia huniangalii..."

"Ningekuangalia ningeingia, mwanangu. Na ulikuwa hujaniita."

Niliangua kilio mbele za watu.

Ragnhild nikamkuta amejikunyata pembeni, koti limechanika pale nilipomkunja. Nikamwomba radhi. Halafu nikamuuliza, "Na mimi ningekataa kuita je?"

Akakung'uta majani kwenye koti lake.

"Sijui," akasema. "Sikuwa na mpango mwingine."

Mnaonisoma, mficha uchi hazai. Kama unazama, piga kelele. Watu walikuwa nyuma ya kona wamevaa glavu, na mimi nilikuwa radhi kumpoteza mtoto kuliko kusema "nisaidieni".