Kikuku cha Pili cha Farasi Mweusi

Nyumbani kwetu mtoto hakushushwa sakafuni mpaka hesabu itimie. Mama ni mshonaji, na cherehani yake imekaa katika chumba hicho hicho tunamokula na kupokea wateja. Kila alasiri akimaliza kazi alichomeka pini zake kwenye kimto chekundu, safu sita za pini kumi kumi, akazihesabu kwa ncha ya kidole. Zikitimia sitini, alinigeukia mimi.

"Karani, zako zimetimia?"

Jina la Karani walinipa kwa sababu ya ubao wangu. Shangazi huuza vitu vya kuchezea vya mitumba, na kila alipofungua gunia jipya aliniwekea wanasesere wa sinema moja ya mashujaa na majitu niliyoipenda kupita kiasi. Nilikuwa na mashujaa tisa na farasi saba. Lakini shujaa bila zana zake ni kama mtu aliyetoka nyumbani bila nguo, kwa hiyo nilikusanya na zana pia: panga, ngao, matandiko, hatamu, kofia za vita. Nilizitundika kwenye ubao wenye misumari midogo, kila kitu na msumari wake, arobaini na moja kwa jumla.

Fahari yangu ilikuwa malkia na farasi wake mweusi. Tandiko la farasi huyo lilikuwa na vikuku viwili vya plastiki ya rangi ya dhahabu, yaani vile vipete ambavyo mpandaji huingizia miguu, kila kimoja kidogo kuliko punje ya karanga. Kimoja kilikuja na farasi. Cha pili nilikisubiri miezi minne, mpaka shangazi alipokikuta chini kabisa ya gunia, kimenasa kwenye nywele za mwanasesere mwingine.

Mama alikubali niwe na vitu hivyo kwa sharti moja. Kikipungua kimoja, vyote vinarudi kwa shangazi. Mdogo wangu, tuliyemwita Mzee kwa kipara chake na ile sura ya mtu anayesubiri kuamkiwa, alikuwa na miezi kumi na moja na alitia mdomoni chochote alichokifikia.

Alhamisi moja nilitoka shule, nikapanga vita vyangu mkekani, na saa ya hesabu ilipofika msumari mmoja ulikuwa mtupu. Kikuku cha pili hakikuwepo. Nilipekua mkeka, nikachungulia chini ya kabati, nikakung'uta viatu. Mama alikuwa ameshafika safu ya tano. Nilimwona malkia anarudi guniani, na akili yangu, badala ya kunishauri vyema, ikanishauri haraka. Nilichukua nta ya mshumaa, nikaifinyanga, nikaizungushia karatasi ya dhahabu ya peremende, nikaitundika. Kwa mtu aliyesimama mbali kidogo, haikuwa na tofauti.

"Zimetimia?"

"Zimetimia, mama."

Mama akamshusha Mzee.

Haikupita hata robo saa. Mzee alikohoa kikohozi ambacho hatukuwahi kukisikia, macho yakamtoka, mikono ikatapatapa. Mama alimlaza kifudifudi mkononi akampigapiga mgongoni mpaka akalia, na baada ya kunyonya akalala. Mama alisema alipaliwa na mate. Mimi nikajiambia hivyo hivyo, na nikaendelea kujiambia usiku na mchana.

Kikohozi hakikuondoka. Zahanati walitupa dawa ya maji, ikaisha, wakatupa nyingine. Wiki ya pili homa ikapanda na kifua chake kikaanza kupiga filimbi kila alipovuta pumzi. Mzee aliyekuwa akitambaa mpaka kwenye miguu ya wateja sasa alilala begani kwa mama bila kuinua kichwa. Wakamlaza hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo aliyefunga miwani yake kwa uzi. Alisikiliza kifua kwa muda mrefu, akauliza kama mtoto alimeza kitu, labda kifungo au shanga. Mama alijinyoosha kama mtu aliyeguswa heshima yake.

"Daktari, nyumba yangu naihesabu kila siku. Pini zangu ni sitini. Vya binti yangu huyu ni arobaini na moja, naye hajawahi kunidanganya. Hakuna kilichopungua."

Daktari alinitazama. Nilitazama viatu vyangu. Picha ya kifua ilipotoka haikuonyesha kitu chochote kigeni, ila upande mmoja wa pafu uliojaa ugonjwa, na mimi nikashusha pumzi. Nikajidanganya kwamba picha imeniondolea lawama. Ningejua nilikuwa nafurahia nini, ningeona aibu.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Nililala kwa shangazi, na kila nilipotoka shule nilipita wodini. Baba, ambaye ni dereva wa malori ya safari ndefu, alipiga simu kila asubuhi, na kila asubuhi mama alimjibu kwa maneno machache zaidi. Dawa zilibadilishwa mara mbili. Mzee alikonda, akawa na uso wa mzee kweli, na hakuna aliyecheka tena kwa jina hilo. Usiku nilisikia ile filimbi ya kifua chake ingawa alikuwa mbali nami.

Jumatano mama aliniagiza nimletee kimto cha pini. Alikaa ukingoni mwa kitanda akazihesabu. Sitini. Akazihesabu tena, kisha akalia bila sauti, machozi yakidondokea kwenye kitambaa chekundu.

"Labda zilikuwa sitini na moja," alimwambia daktari. "Labda ni mimi niliyekosea tangu mwanzo. Nikitoka hapa cherehani naiuza."

Daktari alimshika bega. "Si pini, mama. Chuma kingeonekana kwenye picha. Kisichoonekana ni plastiki."

Ile picha niliyoifanya kinga siku zote haikunikinga tena, na mama yangu alikuwa analia kwa kosa langu. Nilipiga moyo konde, nikatoa mfukoni kikuku kilichobaki, ambacho nilitembea nacho tangu Mzee alipolazwa bila kujua kwa nini.

"Kilikuwa na mwenzake," nilisema. "Kilipotea Alhamisi ile Mzee alipopaliwa. Ubaoni nilitundika cha nta."

Mama hakunipiga wala hakunigombeza. Laiti angenipiga. Daktari alikichukua kile kikuku, akakigeuza kwenye mwanga, akakipima kwa rula. Alisema sasa anajua anatafuta nini na kina ukubwa gani. Wangempa mtoto dawa ya usingizi na kuingiza mrija mwembamba wenye taa mpaka ndani ya pafu.

Tuliketi kwenye benchi la ukumbini. Kati yangu na mama palibaki nafasi ya mtu mmoja, na hakuna aliyeijaza. Niliahidi mambo mengi kimoyomoyo. Nilikuwa nimekata tamaa kabisa mlango ulipofunguka, daktari akatuonyesha kisahani cha chuma. Ndani yake kulikuwa na kikuku, rangi yake ya dhahabu imechujuka.

"Anapumua vizuri," alisema. "Lakini pafu limeumia, na litachukua muda kupona. Mtoto akipaliwa namna ile, mleteni siku hiyo hiyo. Na wewe binti, umechelewa sana. Afadhali umesema."

Mama akasogea, akaijaza ile nafasi.

"Nisikilize," aliniambia. "Kitu kupotea si kosa kubwa. Hata mimi pini hunidondoka. Kikipotea tukasema, tunakitafuta sote na mtoto yuko mgongoni. Wewe ulinionyesha ubao umejaa, nikamshusha ndugu yako kwa mikono yangu. Nani angetafuta kitu asichojua kimepotea?"

Mzee alirudi nyumbani baada ya wiki tatu. Mashujaa na farasi, pamoja na zana zao, niliwapeleka mwenyewe kwa shangazi, katoni kichwani, na malkia akiwa juu. Niliporudi mama alinipa kimto chekundu, akasema kuanzia leo pini nahesabu mimi. Sikuamini masikio yangu.

Siku ya nne nilihesabu hamsini na tisa. Nikarudia. Hamsini na tisa. Mzee alikuwa anapiga mateke kitandani, anataka kushuka.

"Karani, zimetimia?"

Neno la zamani lilikuja mpaka kwenye meno. Nikalimeza.

"Hazijatimia, mama. Moja haipo."

Mama alimfunga Mzee mgongoni, akapiga magoti, nami nikapiga magoti kando yake. Tulitafuta mpaka chai ikapoa. Tuliikuta kwenye pindo la sketi ya mteja iliyolazwa juu ya cherehani, nikaichomeka mahali pake, na mama akamshusha mtoto.