Mgomba Tuliouzika kwa Jina la Nassoro

Magharibi ile nilishuka bondeni kumkatia ng'ombe majani. Ukungu ulikuwa umeshafunika vilima vyote vya Lukozi.

Kule bondeni, pembeni ya shamba letu, kuna kaburi la kaka yangu, Nassoro. Ndani hamna Nassoro. Alipohukumiwa kunyongwa, marehemu baba alisema hatasubiri maiti ambayo huenda tusipewe kamwe. Akakata mgomba, akauvisha sanda, tukauzika kwa jina lake, kama wazee walivyowafanyia waliopotelea mbali. Mama peke yake alikataa kulia.

Kesi yenyewe inanichoma mpaka leo. Jirani yetu, Bi Jenoveva, aliapa mahakamani kwamba alimtambua Nassoro akitoka nyumbani kwa aliyeuawa. Saa ngapi? Magharibi! Bibi yule, saa hizo, hata kuku wake hawatambui. Tangu siku hiyo sijampa shikamoo.

Nilikuwa nafunga mzigo wangu niliposikia kitu kibichi kikipasuka.

Kwaa...

Harufu ya udongo uliochimbuliwa ikanijia puani.

"Zakia..."

Mtu alikuwa amesimama kando ya kaburi. Mrefu, mwembamba, shati limemlowa.

"Nani wewe?"

"Kaka yako. Wameniachia."

Niliona bega lake la kushoto lilivyoinama kama zamani, nikamtambua. Nikatupa mzigo, nikamkumbatia huku nalia kwa furaha. Alikuwa wa baridi mno, lakini nani ana joto huku kwetu mwezi wa saba?

Nyumbani, mama alisimama mlangoni na taa, akaninong'oneza, "Umemtazama vizuri?"

"Ni yeye, mama. Naapa."

Mama akampisha. Akamtengea ugali na maharage. Hakugusa. Alikaa tu mkekani, akitutazama.

Simu yangu ikaita. Namba ngeni.

"Zakia, mdogo wangu! Nassoro hapa. Nimeshinda rufaa, wameniachia! Nimeazima simu ya bodaboda hapa Lushoto, ndiyo tunapanda. Mwambie mama asilale..."

Akacheka. Kicheko kile ni cha kaka yangu, nakijua tangu utotoni.

Nikamgeukia yule wa mkekani. Alipokuwa ameegemeza mkono palikuwa na doa jeusi la utomvu. Sisi wa migomba tunalijua doa lile, halitoki kwa sabuni yoyote. Polepole nikatazama kanga yangu, pale kifuani nilipomkumbatia.

Doa.

"Mama," nilinong'ona, "siye."

Mama alikuwa amemshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Miaka tisa hakuwa amemshika mwanawe.

"Umeapa, Zakia. Ameshaingia. Funga mlango."

Nikafunga.

Tukasubiri mpaka pikipiki ikasikika ikipanda mlima. Ikasimama uani. Hatua zikaja...

"Hodi! Mama, ni mimi!"

Aliyejibu ni yule wa ndani, kwa sauti ileile.

"Nani wewe?"

Nje kaka yangu akaanza kujieleza upya, kama alivyojieleza mahakamani: jina lake, jina la baba, siku aliyozaliwa, kwamba hakumuua mtu. Alijieleza huku analia.

Na mimi, shahidi, nilikuwa bado nimeshika komeo.