Kaka Hajaulizwa

"Mimi naona meza," alisema Princess. "Meza moja katikati ya jukwaa, sahani tatu zimefunikwa, na hakuna anayekula."

"Na taa?" aliuliza Mzee Machibya.

"Taa moja tu, juu ya chakula. Watu wenyewe wawe kwenye giza kidogo."

Mzee Machibya aliitikia kwa kichwa na kugeukia upande wa pili wa duara. Huyu mzee alikuwa fundi umeme mstaafu, na ndiye aliyeanzisha kikundi hiki kilichokutana kila Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi mdogo wa parokia, kule Butimba, kusoma tamthilia fupi mpya. Sheria yake ilikuwa moja. Mchezo ukishasomwa kwa sauti, hakuna kusema mzuri wala mbaya. Kila mtu anaanza na "mimi naona", anaeleza anavyouona jukwaani, na mwandishi anakaa kimya mpaka duara liishe. Mzee aliamini kwamba mchezo usioonekana kichwani hautaonekana hata ukiuwashia taa za uwanja wa Kirumba.

Asubuhi hiyo walikuwa wameshasoma mchezo wa majirani wawili wanaogombania bomba la maji, na Kokulinda aliupenda mpaka akasimama kuueleza. Alitaka bomba lidondoshe maji kwenye ndoo tangu watazamaji wanapoingia mpaka wanapotoka, ili kila mara majirani wanaponyamaza, tone lisikike. Watu walipiga meza kwa furaha. Ndivyo alivyokuwa Kokulinda, mfamasia wa Buswelu mwenye macho ya jukwaa. Akipewa kurasa tano, yeye aliona ukumbi mzima.

Sasa ilikuwa zamu ya mchezo wa pili, na mwandishi wake alikuwa Odoyo, mwalimu wa hesabu, mpenzi wa Kokulinda kwa miaka miwili. Mchezo uliitwa Chakula Kimepoa. Mama na mtoto wake wa kiume wamekaa mezani. Kijana ana mgeni nje, anataka amkaribishe ale. Mama anasema haiwezekani, kaka mkubwa hajaja, na hakuna anayekula kabla ya kaka. Wanasubiri. Chakula kinapoa. Pazia.

"Koku," alisema Mzee Machibya, "wewe unaona nini?"

Kokulinda alikuwa hajainua macho kwenye karatasi.

"Mimi naona mlango," alisema taratibu. "Nyuma kabisa ya jukwaa. Nje ya mlango amesimama msichana. Mchezo mzima ametajwa mara moja tu, 'mgeni wangu yuko nje', basi. Watazamaji watamcheka mama na watamwonea huruma kijana. Mimi namwona huyo msichana. Miguu inamuuma."

Odoyo alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Endelea," alisema mzee.

"Nimemaliza. Mengine nitamuuliza mwandishi mwenyewe."

Alimuuliza nje, chini ya ukuta wa ukumbi, na hakumpa hata nafasi ya kuvuta pumzi.

"Yule msichana ni mimi?"

"Koku, ule ni mchezo tu."

"Odoyo. Nimekuuliza swali la ndiyo au hapana."

Odoyo aliangalia barabarani. "Ndiyo."

"Kwa hiyo miaka miwili nakuuliza wazee wako watakuja lini nyumbani, unaniambia mara mvua, mara mitihani, mara mama anaumwa mgongo, kumbe ni kaka yako?"

"Kwetu mdogo hamtangulii kaka kuoa. Ni mila, Koku, na mama anaishika kweli. Okomo hajaoa, basi na mimi nasubiri."

"Okomo anasemaje?"

"Hajui."

"Hajui nini?"

"Hajui kama nina mtu. Alikuwa na mchumba, Amondi, wakaachana vibaya. Mama akatukataza nyumba nzima, mtu asitaje ndoa mbele ya Okomo. Nikimwambia nataka kuoa itakuwa kama namwambia toka njiani, unanizibia."

Kokulinda alimwangalia mwanaume huyu mrefu, msomi, anayesimama mbele ya darasa la watoto sabini bila kutetemeka. Alimpenda, na hilo ndilo lilimkera zaidi. Kama asingekuwa anampenda angeshaondoka siku nyingi.

"Sikiliza," alisema. "Shangazi amefungua duka la dawa Bukoba, ananitaka nikalisimamie. Nimemwambia nitampa jibu mwisho wa mwezi. Watu wa kwenu wakiwa wamefika kwa baba, nabaki. Wasipofika, napanda meli. Sitabembeleza na sitarudia."

"Usinifanyie hivyo."

"Sijakufanyia kitu. Nimekwambia tu, tena mapema, jambo ambalo wewe umeshindwa kunifanyia."

Alimwacha pale, na ule mchezo akaondoka nao mkononi.

Wiki nzima Odoyo hakufanya kitu zaidi ya kutuma meseji. Ya kwanza ilisema, "Nipe muda." Ya pili ikasema, "Nimeuandika upya mwisho wa mchezo. Safari hii msichana anaingia ndani." Kokulinda alisoma ile ya pili akiwa kazini, akahudumia wagonjwa waliokuwa foleni, kisha akajibu, "Sitaki kuingia kwenye karatasi. Nataka uingie kwa baba."

Jumamosi iliyofuata hakwenda Butimba. Alivaa viatu vya chini, akajifunga mtandio, akaenda Kirumba, moja kwa moja mpaka soko la Mwaloni, akaulizia Okomo wa dagaa. Kila mtu alimfahamu. Alimkuta amesimama katikati ya magunia, mwanaume mpana mwenye sura ya Odoyo, ila huyu alionekana hana haraka na dunia.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Unataka wa kula au wa kuku?"

"Sitaki dagaa. Naitwa Kokulinda. Nina mchezo wa kuigiza hapa, mfupi, naomba nikusomee."

Okomo alimtazama vizuri kuona kama ana akili timamu, akaona anazo, akamsogezea gunia akae.

"Soma. Wateja wakija utanisubiri."

Kokulinda alisoma. Alifanya sauti ya mama na sauti ya kijana, na wachuuzi wa jirani wakasogea kusikiliza. Mara mbili Okomo alicheka. Mwisho alikuwa hacheki tena.

"Na huyu kaka mkubwa," aliuliza, "anaingia wakati gani?"

"Haingii."

"Hasemi chochote?"

"Hata neno moja."

"Sasa wamejuaje kwamba hataki wale? Pengine ameshashiba huko aliko. Mtu hajaulizwa, na ndani wanakufa njaa kwa ajili yake. Mimi naona hiyo ni adabu iliyopitiliza." Alisita. "Nani kaandika?"

"Odoyo."

"Odoyo yupi?"

"Wako."

Okomo alikaa juu ya gunia la pili. Alimwangalia Kokulinda kuanzia mtandio mpaka viatu, kisha akaiangalia ile karatasi mkononi mwake.

"Wewe ndiye mgeni aliyeko nje."

"Ndiyo, kaka."

"Tangu lini?"

"Miaka miwili."

"Mungu wangu." Aliufuta uso kwa kiganja. "Na chakula kinapoa kwa ajili yangu."

"Sikuja kukulaumu. Nimekuja kukuuliza, kwa sababu naona hakuna aliyekuuliza. Una mpango wa kuoa?"

Wachuuzi walijifanya kupanga dagaa. Swali kama hilo, kutoka kwa msichana, kwa kaka wa mchumba wake, tena sokoni, lingeweza kumwondoa kwenye ukoo kabla hajaingia. Kokulinda alilijua hilo. Hakuyaondoa macho.

"Sina," alisema Okomo. "Amondi alipoondoka nililia, sikufichi. Nililia, nikamaliza. Sasa hivi niko vizuri, nina kazi yangu, nina usingizi wangu. Wao ndio bado wako msibani. Nikienda nyumbani wananiongelesha kwa sauti ya hospitali, nikadhani labda wameniona nimekonda."

Kokulinda alicheka bila kutaka, na machozi yakamtoka hapo hapo. Okomo alijifanya hayaoni.

"Rudi nyumbani, mdogo wangu," alisema. "Hili ni langu sasa."

Simu kutoka kwa Odoyo iliingia kabla Kokulinda hajatoka sokoni.

"Umeenda kwa kaka?"

"Nimeenda."

"Koku, umenivua nguo. Mbele ya kaka yangu, mbele ya soko zima. Unajua amenipigia ananiambia nini?"

"Amekwambia nini?"

"Ameniita mjinga. Kisha akasema pole."

"Basi amemaliza yote."

"Ungeniambia kwanza."

"Ningekwambia ungeniandikia mchezo mwingine." Sauti yake ilitulia. "Odoyo, naipenda kalamu yako. Ule mchezo ukiwekwa jukwaani watu watatoka wamejishika vifua, na nitausimamia mwenyewe hata kama tutaachana. Ila mimi si mtazamaji wako. Umeniweka nje miaka miwili ukidhani unamheshimu kaka yako. Kaka yako hakuwa anaheshimiwa. Alikuwa anaogopwa, wala hakuwa na habari."

"Kweli," alisema Odoyo. "Kweli kabisa. Nifanye nini?"

"Hilo usiniulize mimi."

Okomo na Odoyo walikwenda Shirati kwa mama yao kesho yake alfajiri. Mama Okomo aliwapikia, akawasikiliza, akakataa. Alisema ameishi vya kutosha kujua yanayozikuta nyumba zinazomruka mtoto mkubwa, na hatakuwa yeye wa kuanza. Ndipo Okomo akasema maneno ambayo Odoyo alimsimulia Kokulinda kwa simu jioni, akiwa bado haamini.

"Akasema, 'Mama, mila inasema mkubwa atangulie. Sawa, nitatangulia. Safari ya kwenda kwa wazazi wa huyo binti, mimi nitakuwa mbele, Odoyo atakuwa nyuma yangu. Mlangoni nitabisha mimi. Ndani nitaanza kukaa mimi. Kusema nitaanza mimi. Niambie ni wapi hapo nimerukwa.' Mama akatafuta, Koku. Akatafuta kweli. Hakupaona."

"Na wewe ulisema nini?"

Odoyo alikohoa. "Mimi nilikuwa nakula."

Kokulinda alikata simu. Alikuwa na furaha, na alikuwa na hasira, na hakuona sababu ya kuchagua kimoja.

Walifika Buswelu Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya misa. Okomo alikuwa mbele kweli, suti ya kijivu imembana mabegani, nyuma yake wazee wawili wa ukoo, na nyuma kabisa Odoyo. Mzee Cleophace, baba yake Kokulinda, bwana shamba mstaafu kutoka Muleba, aliwapokea kwa uso wa mtu ambaye amesubiri wageni hao mpaka hamu ikamwisha. Mkewe, Mama Leonsia, aliwakaribisha kahawa. Kokulinda alikuwa chumbani na shangazi yake aliyekuja kutoka Bukoba, maana jibu lake kuhusu duka lilikuwa bado halijatolewa.

Okomo alizungumza vizuri. Alieleza wanakotoka, akaomba radhi kwa kuchelewa, akasema kosa la kuchelewa ni la nyumba yao na si la binti. Mzee Cleophace alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaita, kama desturi inavyotaka.

"Kokulinda. Njoo."

Alitoka, amevaa gauni la kijani, akapiga goti, akawasalimia wakubwa.

"Hawa wageni wanasema wamekufuata wewe," alisema baba yake. "Je, unawafahamu?"

Kila mtu mle ndani alilijua jibu. Binti husema nawafahamu, wanawake wanapiga vigelegele, watu wanakula. Odoyo alikuwa ameshaanza kutabasamu.

"Baba," alisema Kokulinda, "huyu mkubwa namfahamu. Nilimuuliza swali gumu, akanijibu kwa mdomo wake mwenyewe, na leo amefanya alichosema. Huyo mwingine, naomba ajieleze."

Kikombe kiligonga sahani. Wazee wa Shirati walitazamana. Kwa desturi mwoaji hasemi siku hiyo, anasemewa, na mmoja wao alikuwa tayari ameinua mkono kulikumbusha hilo. Okomo alimshika ule mkono akaushusha taratibu.

"Mwache," alisema. "Mimi nimeshatangulia. Sasa ni zamu yake."

Odoyo alisimama. Hakuwa na karatasi.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mama. Naitwa Odoyo. Nimempenda binti yenu kwa miaka miwili, na miaka yote hiyo nimemwacha nje, kwa sababu niliogopa kumuuliza kaka yangu swali moja. Nikaiita heshima. Ilikuwa woga. Yeye ndiye aliyekwenda kuuliza, peke yake, sokoni. Sikustahili afanye hivyo. Sina la kujitetea. Nampenda. Sitaki aende Bukoba, lakini akienda nitamfuata na kubisha mlango huko, mimi mwenyewe, bila kutumwa na bila kusemewa. Ninawaomba mnipe Kokulinda, na yeye namwomba akubali."

Shangazi alikuwa mlangoni, kanga mdomoni. Mzee Cleophace alimwangalia kijana huyo kwa muda, kisha akamgeukia binti yake, na kwa mara ya kwanza tangu wageni waingie uso wake ukalegea.

"Koku, nauliza tena. Hawa wageni unawafahamu?"

Kokulinda alimtazama Odoyo, jasho likimtiririka, ameshindwa hata kukaa chini mpaka ajue.

"Baba," alisema, "sasa nawafahamu wote."