Mzigo wa Bwana Miguu

Baltazari alikuwa ameshaketi, ameshavua koti na kunyoosha miguu kwenye jiko la mkaa, ndipo hatua zake zilipoingia ndani.

Mkewe, Klementina, alizisikia vizuri. Zilikatiza uani, zikapanda barazani, zikakung'uta tope mlangoni kama alivyokung'uta mumewe siku zote. Akasimama na mwiko mkononi, akingoja mgeni apige hodi. Hodi haikuja. Kilichoingia ni harufu, kama ya majani mabichi yaliyochomwa moto kisha yakanyeshewa.

"Umekuja na mtu?" akauliza.

"Na nani tena? Pakua tule, nina njaa."

Walikaa pembeni mwa mji wa Sumbawanga, upande unaopandia milima ya Mbizi. Miaka ile soko huria ndiyo kwanza limeingia, mitumba imejaa sokoni, na shirika la umma alilofanyia kazi Baltazari lilikuwa limefungwa milango. Alihangaika sana, mpaka Eustaki mwenye gesti alipomwita. Wageni wa aina mpya walikuwa wameanza kufika, wazungu wenye mikoba mirefu mgongoni, waliotaka kutembea tu. Watu wa mjini waliwacheka: mtu ana nauli yake mfukoni, anachoka kwa miguu kwa nini? Lakini Baltazari alizijua njia. Aliwapandisha Mbizi, akawavusha msitu mpaka ukingoni, pale nchi inapokatika ghafla na Bonde la Rukwa likaonekana chini kama limemwagwa. Wengine aliwapeleka kwa njia ya Matai hadi maporomoko ya Kalambo. Watoto wakala, ada ikalipwa.

Mgeni wake wa mwisho watu walimbatiza Bwana Miguu. Alikuwa mzee mkavu mwenye Kiswahili cha kuokoteza. Alikuwa ametembea njia za mahujaji kule Hispania, milima ya Nepali, misitu ya Marekani ambayo mtu huimaliza kwa miezi. Hakuwahi kurudia njia, wala kulala mji mmoja akauzoea. Kila hatua chache aligeuka kutazama nyuma.

Hatua za barazani zilipozidi, Klementina alimbana mumewe.

"Niambie ukweli, baba Herieth. Kule mlimani kulitokea nini?"

Baltazari alitazama mlango kwanza. Akajibu kwa sauti ya chini. "Tulifika ukingoni, ukungu ukatufunika. Yule mzee akasimama, jasho linamtiririka na baridi yote ile. Akaniambia, 'Nipokee mzigo.' Mkoba wake nilikuwa ninao mimi tangu asubuhi, Klementina. Hakuwa na kitu. Nikadhani ni Kiswahili chake. Nikamwambia, 'Haya, nimepokea.'"

"Halafu?"

"Akalia kama mtoto. Akaibusu mikono yangu. Jioni ile Eustaki anasema alilala fofofo, viatu amevitupa chini ya kitanda, na kesho yake akapanda basi la Mbeya anapiga mluzi."

Tangu hapo hatua zilianza kumkaribia. Mwanzoni zilichelewa kiasi cha mtu kuketi na kunawa. Baadaye zikamfuata kisigino kwa kisigino. Kisha, Jumamosi moja jua likiwa bado juu, zikatangulia. Klementina alikuwa jikoni akichambua maharage, akasikia tope likikung'utwa, akasikia kikohozi cha mumewe, kile kikavu, na sauti yake ikisema, "Mama Herieth, nipe maji," naye akachota kikombe na kukipitisha kwenye upenyo wa mlango bila kutazama, mkono ukakipokea, vidole vikagusa vyake, vya baridi kama samaki, na ni pale tu alipoinua macho kupitia dirishani ndipo alipomwona Baltazari mbali kabisa, anakuja na mzigo wa kuni begani, anasalimiana na jirani.

Kikombe alikikuta juu ya ngazi, kikavu, kama hakijawahi kutiwa maji.

Kesho yake walikwenda kijiji cha Mollo, kwa Bibi Justina. Huyu alikuwa mganga asiyependa maneno mengi. Walimkuta uani akipukuchua mahindi, na hakuacha kupukuchua.

"Shikamoo, bibi," wakasema.

"Marahaba. Ketini wawili. Huyo wa tatu abaki hapo hapo nje."

Klementina aligeuka. Nyuma yao hapakuwa na mtu, ila kuku wote walikuwa wamekimbilia upande mmoja wa ua.

Bibi Justina alisikiliza habari yote, kisha akasema polepole, "Ni jini la njiani. Halina kwao, halina sura. Hutembea na mtu likijifunza mwendo wake, sauti yake, hata anavyokohoa. Likishamjua sawasawa, halimhitaji tena. Hukaa mahali pake. Yule mzungu wenu alikuwa hatembei, alikuwa akikimbia. Alibadili njia dunia nzima ili asijulikane. Wewe kila siku unarudi kwenye mlango ule ule, mke yule yule. Limekusoma upesi."

"Nimkabidhi mgeni mwingine mzigo huu?" Baltazari akauliza, na mara uso wake ukaiva kwa aibu.

"Hilo ni shauri lako na Mungu wako. Lakini unaweza kutuliwa pale pale ulipopokea. Mwenye mzigo mkubwa hajitui mwenyewe, hutuliwa na mwenzake." Akamtazama Klementina. "Utaweza?"

"Ni mume wangu."

"Basi sikia. Ukishautua, mshuke bila kusema neno. Yeye atangulie, wewe ufuate. Kitakachokuita nyuma yako usikiitikie, hata kikilia. Ukikiitikia, umekipokea."

Walipanda asubuhi na mapema, mganga akabaki chini mlimani penye barabara. Mbizi ilikuwa kimya. Msitu ulidondosha maji, na walipotoka upande wa pili kwenye nyasi, ukungu ukaja kutoka bondeni, mzito, ukiwalamba uso. Pale ukingoni Baltazari alilipa bonde mgongo, akainama. Klementina akanyoosha mikono juu ya mabega ya mumewe, pale pasipo na kitu.

Palikuwa na kitu. Kilikuwa kizito kama gunia la mahindi lililolowa, nacho kilikuwa kinapumua. Ile harufu ikamjaa kooni. Akakaza magoti, akakishusha mpaka chini, na mbele ya macho yake nyasi zikalala, upana wa mtu aliyekaa.

Baltazari alijinyoosha, akavuta pumzi kama aliyetoka majini. Akageuka, akatangulia, na ukungu ukamla.

Klementina akafuata, akisikiliza viatu vya mumewe mbele, vikaenda, vikaenda, kisha mawe yakaporomoka mahali fulani pembeni na kukawa kimya, kisha viatu vikasikika tena mbele, vilevile, na yeye akavishika kwa masikio kama mtu anavyoshika kamba, mpaka sauti ilipotoka nyuma yake, sauti ya Baltazari, ikisema, "Klementina! Nimeanguka, mguu umevunjika," naye akauma khanga kwa meno akaendelea kushuka, na sauti ikasema, "Mke wangu, umenipita, niko hapa korongoni, kwa jina la Mungu nisubiri," na machozi yakamshuka lakini miguu yake haikusimama, kwa sababu viatu vilikuwa mbele, na ikamwita kwa jina la Mama Herieth, ikamwita kwa jina la utani walilokuwa wakiitana wakiwa wachumba, ambalo hakuna mtu mwingine aliyelijua, ikalia, ikakauka, ukabaki upepo tu.

Barabarani Baltazari alikuwa ameketi karibu na Bibi Justina, anafuta tope kwenye viatu. Akatabasamu. Mganga alimtembeza huku na huku, ametega sikio.

"Hatua zimemkaa, hakuna zinazomfuata tena," akasema. "Nendeni nyumbani mpumzike."

Walikula, walilala. Klementina alilala usingizi wa mtu aliyeshinda vita.

Asubuhi, Baltazari akiwa anavaa, mtu alipiga hodi uani. Alikuwa Masanja, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake kule juu ya mlima, ameshika fimbo na anahema.

"Mama, pole na asubuhi. Wewe ndiwe Klementina?"

"Ndiye mimi."

"Tumemkuta mzee mmoja korongoni, kule ukingoni. Mguu umevunjika, sauti imemkauka. Amelala na baridi usiku mzima. Anasema anaitwa Baltazari, na mke wake ni wewe."

Klementina hakuweza kugeuza shingo. Nyuma yake, chumbani, kamba za viatu zilikuwa zikifungwa. Kikohozi kikavu. Kisha yule aliyekuwa ndani akatoka, akapita katikati yao akiwa amevaa koti, akawaacha wamesimama ndani ya harufu ile ya majani yaliyochomwa.

"Huyo mzee amekosea nyumba," akasema kwa upole. "Mimi nawahi kazini."

Viatu vyake vikapiga ardhi vizuri kabisa, hatua kwa hatua, mpaka vikapotelea upande wa mjini.

Walimkuta Baltazari juu ya ngozi ya ng'ombe, amefunikwa blanketi la wachungaji, midomo imepasuka. Alipomwona mkewe alijaribu kuinuka.

"Nilikuita," akanong'ona. "Nilikuita sana."

Klementina alipiga magoti, akaushika uso ule kwa mikono miwili. Ulikuwa na joto la homa, joto la mtu. "Nilisikia, mume wangu. Nilisikia kila neno."

Vijana wa Masanja walimfungia machela ya miti na ngozi, wakamteremsha hadi mjini kuelekea hospitali. Njia ilipita mbele ya gesti. Eustaki alikuwa mlangoni anafagia, akasogea kutoa pole.

"Nani mgonjwa, mama Herieth?"

"Mume wangu."

Eustaki akacheka kidogo, kama mtu asiyeelewa utani. "Mume wako si amenitoka hapa sasa hivi? Amewangoja wageni wangu tangu asubuhi, bwana na bibi, ndiyo wametoka kwenda Kalambo kwa miguu. Tumepeana mikono." Hapo Baltazari akafumbua macho na kumtazama. Ufagio ukamponyoka Eustaki. Alikinusa kiganja chake, akakifuta kwenye suruali, akakifuta tena. "Sasa wale watu," akauliza, "nimewakabidhi kwa nani?"

Klementina hakungoja kumjibu. Alimkabidhi Masanja machela, akajifunga khanga kiunoni, akashika njia ya Matai akikimbia, akiwaita kwa nguvu zake zote wale wageni wawili asiowajua hata majina.