Mgonjwa F. wa Sura ya Nne

"Huyu Mgonjwa F. ni nani?"

Dokta alisimama mlangoni, mkoba ungali begani, jasho la jua la saa tisa likimtiririka shingoni. Mumewe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, magongo yameegemezwa ukutani, na mapajani pake karatasi za Sura ya Nne. Juu ya ukurasa wa kwanza Profesa alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: Sura bora kuliko zote. Hongera!

"Umezitoa wapi hizo?"

"Chini ya godoro. Nilikuwa natandika. Nimekuuliza swali, Dokta. F. ni nani?"

Dokta halikuwa jina lake. Alikuwa anasoma shahada ya uzamili ya sosholojia ya afya, somo lisilouliza sana mtu anaumwa nini, bali kuumwa kunamgeuza awe nani mbele ya watu wake. Majirani walimtania: dokta gani huyu asiyedunga sindano? Mumewe, fundi wa kupaka nyumba rangi, ndiye aliyelichukua hilo la utani akaligeuza la mahaba. Leo alilitamka kama mtu anayetema mbegu.

"Ni mshiriki wa utafiti."

"Mshiriki." Fundi akainua karatasi, akasoma polepole. "'Mgonjwa F., miaka thelathini na minane, alikatwa mguu wa kushoto chini ya goti kwa kidonda cha kisukari. Hufungulia bomba la bafuni maji yamwagike, akalia, akiamini mkewe hasikii.'" Akainua macho. "Kumbe ulikuwa unasikia."

Dokta hakujua pa kuweka mikono.

"Ulikuwa unasikia, na hukubisha hata mlango. Ulikwenda kuandika."

"Fundi, mume wangu, ngoja nikueleze..."

"Subiri, kuna pazuri zaidi. 'F. aliacha kwenda kliniki ya vidonda kwa wiki saba. Kwake, kama kwa wanaume wengi, kukubali ugonjwa ni kukubali kushindwa. Uanaume ndio uliomla mguu.'" Akacheka kicheko kikavu. "Uanaume ndio uliomla mguu! Maneno matamu kweli. Nani alikuambia?"

"Ni uchambuzi. Nilichukua niliyoyaona nikayalinganisha na nadharia."

"Mimi uliniuliza?"

Dokta akautua mkoba chini.

"Hata siku moja, uliketi hapa ukasema: mume wangu, kwa nini hukwenda kliniki?"

"Niliogopa kukuumiza."

"Basi hongera kama alivyosema Profesa wako. Hukuniumiza hata kidogo."

Akazirudisha karatasi chini ya godoro, kwa adabu, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe. Akafungasha nguo. Mwenda kwa magongo hana mkono wa kubebea begi, kwa hiyo alilitundika shingoni, likawa linamgonga kifuani kila alipopiga hatua. Alipofika chumba cha pili akachungulia. Mama mzazi wa Dokta alikuwa amelala huko, upande mmoja wa mwili umekufa ganzi kwa kiharusi tangu miaka miwili iliyopita.

"Mama, naenda kwa dada. Siku mbili tatu."

Mama akafungua mdomo. Maneno yake siku hizi yalichelewa kama mgeni asiyeijua njia. Kabla hayajafika, mkwewe alikuwa ameshatoka nje.

*

Siku ya kwanza Dokta alipiga simu mara ishirini na moja. Ya ishirini na mbili ikapokewa na wifi yake.

"Wifi, simu hii ina mwenyewe, na mwenyewe amesema hayupo."

"Wifi, nakuomba, mpe hata dakika moja."

"Dakika moja ya nini? Unataka kujua alivyolala uandike? Amelala chali. Andika. Amekula nusu sahani. Andika. Kuna kingine?"

Simu ikakatwa. Dokta akatuma ujumbe:

"Nimekukosea. Sina pa kujificha. Naomba urudi nyumbani tuzungumze."

Tiki mbili zikageuka bluu. Akasubiri. Jibu likaja, neno moja tu:

"Yaandike."

Usiku hakulala, na mchana hakula. Siku ya tatu alijikuta amesimama mbele ya meza ya Profesa, mama mnene mwenye miwani minene zaidi, aliyesifika chuo kizima kwa ukali.

"Nataka kuiondoa Sura ya Nne."

"Una wazimu? Hiyo ndiyo tasnifu yenyewe. Nyingine zote ni maganda."

"Mshiriki hakukubali."

"Alitia saini fomu ya ridhaa. Ninayo hapa kwenye faili."

Hili ndilo lililokuwa limemlemea Dokta siku tatu, kubwa kuliko hata karatasi za chini ya godoro.

"Saini ile niliitia mimi, Profesa. Mgonjwa F. ni mume wangu. Hakujua lolote."

Profesa akavua miwani. Bila miwani uso wake ulionekana umezeeka ghafla.

"Muhula wa kwanza nilikufundisha nini? Siku ya kwanza kabisa."

"Kwamba maradhi ni ya mwenyewe, na hadithi ya maradhi ni ya mwenyewe pia."

"Uliandika jibu hilo kwenye mtihani. Nikakupa alama zote." Akasukuma faili pembeni. "Nitalazimika kulipeleka hili kwenye kamati ya maadili. Unalijua hilo?"

"Najua."

"Basi toka, binti yangu. Toka kabla sijasema neno nitakalolijutia."

Siku ya nane barua ya kamati ikatoka: kusimamishwa masomo mwaka mmoja, sura ifutwe, na atakaporudi aanze utafiti upya. Dokta aliisoma kwenye ngazi za jengo la kitivo huku wenzake wakimpita na madaftari yao. Mume hana, shule hana. Akafika nyumbani kama mtu anayetembea ndani ya maji.

*

Alimkuta mama jirani, aliyekuwa akishinda na Mama, anaaga. Akakaa kitandani kumlisha Mama uji.

"Analia nani?" Mama akauliza.

"Hakuna, Mama."

"Uji... una chumvi."

Ndipo Dokta akagundua machozi yanadondokea bakulini. Akaliweka chini, akajiinamia, akaangua kilio cha mtu aliyefiwa.

"Amekataa kurudi, Mama! Nimeandika kwamba uanaume wake ndio uliomkosesha kliniki, na yeye hataki hata kunisikia!"

Mama akahangaika na ulimi wake. Shingo ilimkakamaa, mkono mzima ukafinya shuka.

"Al... Alhamisi."

"Nini, Mama?"

"Kliniki ya vidonda... Alhamisi. Na jirani... Alhamisi... alikuwa haji."

Dokta akasogeza sikio karibu.

"Wewe darasani. Mimi peke yangu... naanguka. Nilianguka mara mbili. Akasema... Mama, sikuachi. Akakaa na mimi. Ananigeuza. Ananilisha. Mguu wake... unanuka. Mimi naisikia harufu. Nikamwambia mwambie mkeo. Akasema..." Mama akapumzika, kifua kinapanda na kushuka. "Akasema, akijua ataacha shule. Amalize kwanza."

Dokta akakumbuka asubuhi moja, miezi kumi na kitu iliyopita. Fundi alisimama pale pale mlangoni, amevaa kiatu kimoja na kandambili moja, akasema: "Dokta, Alhamisi hii huwezi kukosa darasa?" Naye, bila kuinua macho kitabuni, akajibu: "Alhamisi ni siku ya Profesa. Hiyo haikosi mtu." Fundi akasema: "Basi." Habari ikaishia hapo. Kitabu alichokuwa anasoma asubuhi ile kilihusu kwa nini wagonjwa huchelewa kufika hospitali.

"Mama, nitamuomba jirani arudi akae na wewe kidogo."

"Nenda," Mama akasema. Neno hilo halikuchelewa.

*

Wifi yake alimpokea kibarazani, mikono kiunoni.

"Umekuja na kalamu au umekuja mikono mitupu?"

"Mitupu, wifi."

"Yuko nyuma. Lakini ukimliza tena ndugu yangu, hiyo kalamu yako utatolewa nayo hospitali."

Fundi alikuwa ameketi kwenye stuli, anapaka rangi lango la nyuma. Lango lilikuwa la bluu hadi pale unapofika mkono wa mtu aliyekaa. Kutoka hapo kwenda juu kulibaki kutu tupu. Hakugeuka.

"Mama hajambo?"

"Anakuulizia. Ameniambia habari za Alhamisi."

Brashi ikasimama.

"Nilimwomba asiseme."

"Kwa nini hukuniambia mwenyewe?"

"Nilikuuliza kama unaweza kukosa darasa siku moja. Ukanijibu. Nilitaka nini tena, nikupigie magoti?"

Dokta ndiye aliyepiga magoti, pale pale kwenye changarawe.

"Mimi ndiye niliyekukata mguu. Si kisukari, si daktari, ni mimi. Halafu nikakaa nikaandika kosa ni lako!"

"Inuka, utajipaka rangi."

"Siinuki! Nimemwambia Profesa kila kitu. Hata saini yako niliyoighushi."

"Ulighushi saini yangu?" Sasa Fundi akageuka.

"Ndiyo. Wamenisimamisha mwaka mzima. Na hata wangenifukuza ni sawa tu, shule yenyewe siitaki tena."

Brashi ikaruka ikapiga ukuta wa jirani, ikaacha doa la bluu.

"Huitaki?" Fundi alijaribu kusimama, akayumba, akashika lango la rangi mbichi. "Mguu wangu umekwenda huko! Nyama yangu na mfupa wangu vimekwenda huko ili wewe usome, halafu unakuja kuniambia huitaki? Nipe mguu wangu basi! Nirudishie, kisha uache shule!"

"Sasa unataka nifanye nini?" Dokta naye akapiga ukelele. "Nikiandika, nimekuuza. Nikiacha, nimekutupa. Niambie wewe, nifanye nini? Sijui! Miaka yote hii nimesomea habari za wagonjwa, na mgonjwa wa kwangu sikujua hata kumuuliza hali!"

Dirishani pazia likasogea. Wifi akachungulia, akalirudisha taratibu. Fundi akajirudisha juu ya stuli, mikono yote miwili ya bluu.

Fundi akasema, sauti ya chini kabisa:

"Kuna jambo hata Mama halijui."

Dokta akasubiri. Safari hii akasubiri kweli.

"Zilikuwa Alhamisi saba. Mbili kati ya hizo dada alikuja kukaa na Mama. Nilikuwa huru. Nikavaa, nikafika mpaka getini hospitali. Nikaona mtu anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu, rika langu, suruali imekunjwa kwa pini. Nikageuka. Nikaenda kukaa kwenye jengo tulilokuwa tunalipaka, juu kule orofa ya tatu, mpaka jioni. Nikarudi nikamdanganya dada kwamba nimesafishwa kidonda. Alhamisi iliyofuata nikafanya vile vile."

"Mara mbili?"

"Mara mbili. Haukuwa uanaume, Dokta. Ulikuwa woga. Niliogopa mpaka tumbo likaniuma. Hicho ndicho kilichonichoma kwenye karatasi zako. Umenivisha uanaume mkubwa, kumbe mimi nilikuwa mwoga tu asiye na wa kumwambia."

Dokta akajikokota akasogea hadi penye stuli. Hakumgusa.

"Ungeniambia ningesikia?"

"Sijui. Wakati ule, sidhani."

"Mimi pia sidhani," Dokta akasema, na kulisema kulimuuma kuliko barua ya kamati.

Fundi akajifuta rangi kwenye suruali, kidole baada ya kidole.

"Kwa hiyo usije hapa ukajitwika mguu wote peke yako. Alhamisi tano ni zako. Mbili ni zangu. Zangu usinipokonye."

"Na zile tano?"

"Hizo nitakukasirikia mpaka nichoke."

"Ni haki yako."

"Na hiyo shule mwakani utarudi. Utaanza upya kama walivyosema, utaandika habari za watu waliokubali. Mimi siandikwi. Hata kwa herufi moja."

"Hata kwa nukta."

Fundi akatazama lango lile lililobaki nusu, akatazama mkewe mwenye magoti ya vumbi, akapumua kwa nguvu.

"Siku nane nakukasirikia kwa simu," akasema. "Inachosha. Na dada anakoroma, na Mama hana wa kumgeuza vizuri. Kaniletee begi. Nitakwenda kukukasirikia nyumbani."

Dokta akainuka bila kuuliza mara ya pili. Mlangoni akamkuta wifi ameshalishika begi mkononi, limefungwa zipu, macho mekundu.

"Nilikuwa nakatakata vitunguu," wifi akasema kwa ukali. "Na mwambie huyo fundi wako, lango langu hajalimaliza."