Kidole cha Mama Fumie

"Niwekee mkononi basi, dada, nikiangalie vizuri."

"Mkononi hapana." Chizuru alikiweka kitana juu ya kitambaa chekundu cha meza yake. "Kitana ukimpa mtu mkononi mnaachana. Kwenu hamfundishwi?"

"Hatujajuana hata dakika tano, tutaachana vipi?"

Ilikuwa siku ya soko, na uani mwa hekalu pale Kyoto watu walikuwa wanakanyagana. Moshi wa mochi, vile vitumbua vya mchele vya kuchoma, ulitanda juu ya meza za vitana na vibanio vya zamani. Mwanamume yule alivaa koti la kazi la rangi ya nili, na kucha zake zilikuwa nyeusi kwa laka, ule utomvu wa mti unaong'aa ukishakauka. Jina lake Kiichi.

"Ua hili la dhahabu limerudiwa," alisema. "Fundi wa pili alikuwa na haraka zake."

"Umekuja kununua au kuniharibia biashara?"

"Kununua. Ila nimekuona, nimesahau nilichotaka."

Chizuru akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza. Kabla maua ya masika hayajapukutika, simu yake ililia kila adhuhuri.

"Umekula, mpenzi?"

"Nile nini, na wewe hujaleta?"

Mapenzi yalipokolea, Chizuru akamlazia juu ya kitambaa kitana cha marehemu mama yake, Fumie. Kilikuwa cheusi, chenye nyasi za dhahabu, na jino moja limevunjika. Pembeni dhahabu ilikuwa imelika, pakabaki kijishimo: ndipo gumba la mama lilipokandamiza kila asubuhi kwa miaka thelathini. Gumba la Chizuru lilienea humo barabara.

"Kitengeneze, mpenzi."

"Kitakuwa kama siku kilipotoka kwa fundi."

Chizuru aliyachukua maneno hayo kama ya mapenzi tu. Laka haiharakishwi; hukaukia kabatini penye unyevu, tabaka baada ya tabaka. Miezi miwili ikapita. Kiichi akakileta, akakilaza juu ya kitambaa chekundu huku uso umemkunjuka kwa fahari. Jino lilikuwa zima. Nyasi zilimeremeta mpaka ukingoni.

Chizuru alipapasa pembeni. Palikuwa laini.

"Umempeleka wapi?"

"Nani?"

"Mama! Alikuwa hapa, Kiichi. Hapa!"

Kiichi akakiinamia kitana. Fundi aliyeweza kumtambua fundi mwenzake kwa ua moja alikuwa ameona uchakavu tu.

Chizuru akakisukuma kitana hadi ukingo wa meza, Kiichi akaondoka nacho. Tangu siku hiyo simu ililia bure. Mara moja tu Chizuru aliipokea.

"Nisikilize, mpenzi. Dhahabu mpya naweza kuiondoa."

"Na mama utamrudisha?" Akakata, akalia mpaka kichwa kikamuuma.

Majani ya miti yalipokuwa mekundu, Kiichi alirudi sokoni, amekonda, vidole vimefungwa bendeji. Laka hung'arishwa kwa kidole kitupu, mafuta na unga laini. Naye alikuwa amepasugua mahali pale siku arobaini. Alikilaza kitana juu ya kitambaa.

Chizuru akaweka gumba lake. Kijishimo kilikuwepo. Moyo ukamruka. Kisha akalisogeza gumba huku na huku, likapwaya. Kilikuwa kipana.

"Hiki kidole chako," alisema taratibu.

"Nilijaribu kukumbuka kilivyokuwa." Machozi yalikuwa yanamlenga. "Chizuru, nakupenda. Hilo unalijua?"

"Nalijua. Na mimi nakupenda, ndiyo balaa lenyewe. Kila nikikutazama namtafuta yeye, simpati."

"Basi nipe muda. Mwaka. Miwili. Nitangoja."

Chizuru alikiokota kitana. Kiichi akakodolea macho kitambaa chekundu, akisubiri akilaze pale kama siku zote.

Chizuru aliushika mkono wake, akavikunjua vidole vile vya bendeji kimoja kimoja, akamwekea kitana kiganjani.

Kiichi akabaki amesimama, mkono wazi, mpaka mteja mmoja akamwomba apishe.