Waliokula Mbuzi wa Hawah

Kila asubuhi Hawah, ambaye majirani humwita Mama Zam, alikaanga mandazi mbele ya nyumba ya kupanga mjini Koboko. Mumewe Yakubu alishona nguo barazani. Siku hizo hawakuongea sana. Hawah akimtazama tu mumewe, alimkumbuka yule mbuzi.

Walikuwa wameuza ng'ombe wao wote wakanunua kiwanja Manibe, nje ya Arua. Muuzaji aliitwa Draku. Alileta wazee wa ukoo na majirani washuhudie. Hawah akawapikia mbuzi mzima. Wakala, wakaweka sahihi, wakabariki.

Walipopeleka matofali, walimkuta mzee Adriko akipalilia mihogo yake. Ardhi ilikuwa yake, na hakumwuzia mtu. Wale mashahidi walikuwa watu wa kukodi. Ng'ombe hakuna, kiwanja hakuna, na kodi ya nyumba iko palepale.

"Tutafute wakili," Hawah alisema.

Jioni Yakubu alirudi akitabasamu. "Nimepata wakili. Jina yake Asuman. Iko Mnubi kama sisi. Babu yake na babu yangu walikuwa askari pamoja."

"Ofisi yake iko wapi?"

"Iko kwa simu. Anataka pesa kidogo, na ile karatasi ya mauziano. Ile yenyewe, hapana kopi."

Hawah alifumba macho. "Baba Zam, uliuliza kazi yake, ama uliuliza babu yake?"

Hawah alikuwa amechoka naye kabisa. Aliifunga karatasi ndani ya gurbaba, nguo yake ya kiunoni, akaenda kwa jirani yake Ayikoru. Ayikoru hufundisha vikundi vya wanawake haki zao za ardhi.

"Hiyo karatasi usimpe mutu ovyo," Ayikoru alisema. "Toa kopi. Yenyewe ibaki kwako mpaka mahakama itake."

"Na wakili wa kweli nitajua namna gani? Wote wanavaa tai."

Ayikoru alicheka. "Wakili wa kweli iko na leseni, na kila mwaka lazima apate mpya. Uliza jina lake kamili na ofisi yake. Halafu uliza mahakamani kama wanamjua. Kuuliza ni bure. Ukilipa, dai risiti. Kama huna pesa, Arua kuna ofisi ya msaada wa sheria. Watu maskini hawalipi. Polisi mumeenda?"

"Bado. Baba Zam anasema ni aibu."

"Aibu ni ya mwizi, Mama Zam. Nendeni kesho."

Kabla ya kulala, Hawah alimpigia Asuman simu na kumwomba leseni. "Ndugu hawaulizani leseni," Asuman alifoka, akakata simu. Hakupatikana tena. Yakubu alishika kichwa.

Kesho yake walikwenda Arua. Polisi waliandika malalamiko yao. Mahakamani, jina la Asuman halikujulikana. Wakaelekezwa kwenye ofisi ya msaada wa sheria, kule Mvara, kwa wakili aitwaye Annet. Hawah alimwomba leseni kabla hajakaa. Annet hakukasirika. Aliitoa.

"Sitawadanganya," Annet alisema. "Ardhi ni ya Adriko na itabaki yake. Tutamfuata Draku kwa pesa zenu."

Adriko alikubali kutoa ushahidi. Kesi iliahirishwa, ikaahirishwa tena. Mvua zilikuja zikaisha. Hawah alichoshwa na barabara ya Arua, akachoshwa na mabenchi ya mahakama, lakini alikwenda. Mwishowe mahakama ilimwamuru Draku alipe. Alilipa kidogo kidogo, huku akinung'unika. Mbuzi hakurudi.

Sasa walipata shamba dogo la kununua kijijini Abuku. Annet angeandika mkataba. Siku ya kushuhudia, majirani wa shamba hilo walikaa wakisubiri chakula. Nyama ilikuwepo, lakini chungu kilikuwa juu ya mafiga bila moto. Yakubu alisimama.

"Wazee wangu, nisameheni. Kwanza kila mutu anionyeshe nyumba yake na mpaka wake."

"Sisi iko na njaa," mzee mmoja alilalamika.

"Na mimi pia, mzee wangu. Twende."

Alizunguka nao nyumba kwa nyumba. Aliwauliza wake zao, akawauliza watoto wao, akamwuliza mwenyekiti wa kijiji. Hakumwuliza mtu habari za babu yake. Alirudi jua likiwa kali, matope yamemfika magotini, na wazee nyuma yake wakilalamika.

"Mama Zam," alisema, "washa moto."